Kihisi cha Jumamosi

Kila siku ya kazi, saa moja kasorobo asubuhi, Odette Lauzon alifunga nywele zake nyekundu kwa kitambaa cha bluu, akafuta kioo cha mashine ya kukerezea, akaweka kipande cha chuma kwenye kibanio na kukanyaga pedali. Taya tatu zilijifunga, taa ya kijani ikawaka, naye akapiga funda la kwanza la kahawa. Alifanya hivyo kwa miaka mitano katika karakana moja ya Windsor, Kanada, ng'ambo ya mto kutoka Detroit.

Jumanne moja ya Oktoba, taya zilijifunga lakini taa ikawaka nyekundu. Skrini iliandika kwamba kibanio hakijathibitisha kubana. Akafungua, akafunga. Nyekundu. Forklifti za mizigo zilipishana nyuma yake, na zamu ya asubuhi ilikuwa ikiingia kwa makelele.

"Taratibu, dada. Pedali haijakukosea kitu."

Aligeuka. Alikuwa kijana mrefu mwenye koti la kazi la kijivu, miwani yenye madoa ya mafuta na penseli sikioni. Jina lilishonwa kifuani: Ramzi Saab. Alikuwa fundi wa kampuni ya matengenezo, amekuja kuhudumia mashine ya jirani.

"Wewe nani kakuita?"

"Hakuna. Nimesikia unaitukana kwa Kifaransa, nikaona nije kumtetea mgonjwa."

Alifungua kifuniko cha nyuma, akaonyesha kifaa chembamba kama kidole cha mwisho, kimezama katika tope la mafuta na mabaki ya chuma.

"Hiki ni kihisi. Ndicho kinachoiambia mashine kwamba taya zimeshika. Kikichafuka, hakioni."

"Kama wewe na miwani yako."

Ramzi alicheka hadi penseli ikaanguka. Akakisafisha, akakaza kishikizo chake, kisha akamwambia afunge taya bila kuweka chuma. Taa nyekundu.

"Vizuri. Zikifika mwisho bila kushika kitu, lazima ilalamike. Ikinyamaza, mtu ataumia."

Siku tatu baadaye Ramzi alimpigia simu kuulizia hali ya mgonjwa. Wiki iliyofuata hakuuliza tena habari za mashine.

"Habibti, mpenzi wangu, umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Nimekula, Ramzi."

"Mkate na siagi tena! Shuka, niko mlangoni kwako na sahani ya mama."

Odette hakuwa mtu wa maneno mengi. Alishuka, akala, akacheka. Kufikia Februari alikuwa na mswaki wake wa pili nyumbani kwa Ramzi.

Mwezi huo taa nyekundu ilianza tena. Kishikizo cha kihisi kilikuwa kimepasuka na kilisogea kila mashine ilipotikisika. Msimamizi, Walt Kozak, alimwita Ramzi Jumamosi, siku ambayo Odette hakuwa kwenye zamu. Kishikizo kipya kingefika Jumatatu.

"Siwezi kuizima mashine hadi Jumatatu," Walt alisema. "Fanya lolote, bwana."

Jioni hiyo Ramzi alikuwa amealikwa kwa mama yake Odette kwa mara ya kwanza. Alitazama saa. Akafunga kihisi kwa waya mahali ambapo kingesema taya zimebana hata zikifika mwisho bila kushika kitu. Akamwambia Walt asiweke vyuma vyembamba. Akatia sahihi, akaenda kuvaa shati jeupe. Mezani hakumwambia Odette chochote.

Kishikizo hakikufika Jumatatu. Walt alisahau onyo la Ramzi. Alhamisi Odette alipewa vyuma vyembamba. Taya zilifika mwisho na kugusa chuma kidogo tu. Taa ya kijani ikawaka. Mashine ilipozunguka kwa kasi, chuma kilichomoka, kikagonga kioo mbele ya uso wake na kukipasua kama barafu. Hakuumia. Alizima mashine, akaenda nyuma, akaona waya. Kwenye karatasi ya matengenezo aliona sahihi anayoijua.

Hakumwambia mtu mwenye sahihi hiyo ni nani kwake. Aliacha kupokea simu.

Siku ya kwanza Ramzi aliacha ujumbe wa sauti. "Habibti, kama ni kwa sababu sikumaliza ile nyama ya mama yako, niombee radhi. Nilishiba kwa woga." Siku ya tatu: "Au ni shati? Dada yangu alisema linanifanya nionekane mhudumu wa hoteli." Siku ya tano hakutania. "Odette. Nimekosa nini?"

Odette aliusikiliza huo wa mwisho mara nne, ndani ya gari, akiwa amevaa glavu.

Siku iliyofuata kishikizo kilifika, na Ramzi akakileta mwenyewe. Aliona kioo kipya, bado kina karatasi ya dukani. Alimtazama Walt.

"Kioo hiki kilipatwa na nini?"

Walt alikuna shingo. "Kipande kilitoka. Binti yuko salama."

Ramzi aliketi juu ya sanduku la spana. Akachukua karatasi ya matengenezo, akaandika chini ya sahihi yake: *Nilifunga kihisi kwa waya. Nilijua ni hatari. Kosa ni langu.*

"Watakufukuza, bwana," Walt alisema.

"Huenda."

Alimkuta Odette nje, kwenye maegesho, theluji ikimwagika juu ya kitambaa cha bluu. Akampa nakala ya karatasi ile. Odette aliisoma mara mbili.

"Nilikuwa na haraka," Ramzi alisema. "Nilitaka mama yako anipende. Nikaona aibu kukwambia nimefanya kazi mbovu kwenye mashine yako."

"Ungeniambia, ningekuwa macho."

"Najua."

"Kimya chako ndicho kilichoniuma. Halafu na mimi nikanyamaza."

"Unaniacha?"

Odette alikunja karatasi, akaifungua, akaikunja tena.

"Chuma kilipogonga kioo, niliwaza jambo moja tu: nitakufa kabla sijakwambia lililo moyoni. Hasira zote zile zilitoka hapo." Alivuta pumzi. "Nataka unioe, Ramzi. Basi, nimesema."