Faili Lisilo na Mwenyewe

Jumatatu asubuhi, kabla hajaweka hata mkoba chini, fundi wa mtandao wa hospitali aliona jambo lisilomkaa sawa. Ijumaa aliiacha mashine ya simu ikiwa imetumia asilimia sitini na mbili ya diski. Sasa ilisoma tisini na moja, na mwisho wa wiki chumba cha mashine kilikuwa kimefungwa, ufunguo uko kwake.

Wenzake walimwita Bi Waya. Mashine yenyewe ilikuwa boksi jeusi la Linux, halina skrini wala kibodi, limefungwa kwenye rafu katika chumba kisicho na dirisha nyuma ya stoo ya dawa. Kila simu ya dharura ilipitia humo na kurekodiwa humo. Diski ikijaa, simu zinakufa.

Alifungua laptopu, akafuata utaratibu wake. Kwanza aliiuliza mashine yuko folda gani. Kisha aliorodhesha yaliyomo. Kufuta kulikuja mwisho, baada ya kutoa nakala, faili moja moja. Wenzake walimsifu kwa uangalifu huo, na kila sifa ilimchoma, kwa sababu uangalifu wenyewe alikuwa nao kwa miezi saba tu.

Miezi saba nyuma diski ilijaa mchana kweupe, naye alikuwa na haraka. Aliandika amri ya kufuta folda nzima ya rekodi za zamani bila kutazama amesimama wapi, akagonga. Hakuwa kwenye folda aliyodhani. Mashine ilijifuta matumbo yake yenyewe, simu za hospitali zikakatika kwa dakika arobaini. Mkuu wake alipouliza, alijibu, "Umeme." Jioni ndipo alipopata habari: mdogo wake, mgonjwa wa pumu, amekutwa sakafuni jikoni, mtoto wa miezi kumi analia kando yake. Simu ilikuwa mkononi. Alikuwa ameipigia hospitali mara kumi na moja.

Shemeji yake aliulaani umeme siku zote za msiba, na Bi Waya alimshika mkono akimwitikia.

Sasa, kwenye orodha, kulikuwa na faili moja kubwa kuliko mengine yote. Mahali pa jina la mwenyewe pana namba tupu, kama inavyokuwa mtumiaji akiondolewa na vitu vyake vikabaki. Saa ya kurekodiwa ilikuwa ndani ya zile dakika arobaini. Saa ambayo mashine haikuweza kurekodi chochote.

Alivaa hedifoni.

Kwanza kulisikika kitu kinachemka. Kisha pumzi, nyembamba, yenye filimbi. Chumbani ikaingia harufu ya maziwa yaliyomwagika na kuungulia jikoni.

"Dada," sauti ilisema. "Dada, pokea."

Alipaswa kufuta siku ileile. Badala yake alisikiliza mpaka mwisho, na kesho yake akarudi. Hakutoa nakala, yeye anayetoa nakala ya kila kitu; kila alipotaka, mkono ulikuwa mzito. Jumatano diski ilifika tisini na nne. Alhamisi sauti ilisema, "Leo umechelewa," na rekodi haizungumzi hivyo.

Ijumaa mpokea simu wa zamu alimfuata koridoni, akamvuta kando.

"Bi Waya, kuna mtu kwenye laini."

"Laini gani?"

"Zote. Nikiinua tu, yuko. Ananiambia nisipokee simu za watu wengine. Na kapu langu la mkono linanuka maziwa. Mimi sinywi maziwa."

Mpokea simu huyo ndiye aliyemwita mama wa chumba cha kufulia, mwanamke mfupi mwenye viganja vilivyochubuka kwa sabuni, anayejulikana jengo zima kwa kutoa majini. Alikuja saa ya chakula, mikono mitupu. Alinusa mlangoni mwa chumba cha mashine, akakaa juu ya boksi la nyaya.

"Simulia," alisema.

Bi Waya alisimulia yote. Ilikuwa mara ya kwanza.

"Huyu si mdogo wako, mwanangu. Mdogo wako amekwenda zake. Huyu ni jini. Zile dakika ulizisemea uongo, zikabaki hazina mwenyewe, akaingia. Alitafuta sauti ya kuvaa na sikio la kumsikiliza. Vyote umempa."

"Na akiendelea?"

"Wewe ndiye fundi. Ikijaa inakuwaje?"

Diski ilikuwa tisini na nane. Bi Waya alitazama yuko folda gani, akasoma jina la faili mara mbili, akafuta. Jina likatoweka. Tisini na nane ilibaki palepale.

Alijua maana yake. Kwenye mfumo ule, faili likifutwa jina, lenyewe halifi maadamu kuna kitu bado kinalishikilia. Aliiuliza mashine ni nani anayelishika. Ilijibu kwa mstari mmoja, nao ulikuwa jina la Bi Waya mwenyewe.

Hedifoni zilikuwa shingoni mwake, rekodi bado inasema.

"Nikifunga rekodi, basi," alinong'ona. "Halipo tena popote."

"Ndiyo."

Tisini na tisa. Akanyoosha kidole, na hapo feni zote zikanyamaza kwa pamoja, harufu ya maziwa ikamjaa kooni mpaka akakohoa, na sauti ikapanda bila kupitia hedifoni, ikimwita kwa jina la utotoni ambalo hakuna mwingine aliyebaki hai anayelijua, ikimkumbusha kitanda walicholalia wawili, ikimwomba amsikilize tena kidogo tu kwa kuwa siku ile hakumsikiliza, ikilia kwa filimbi ileile ya kifua aliyokuwa akiituliza kwa kumsugua mgongo, huku kwenye meza ya mapokezi taa za simu zikiwaka moja baada ya nyingine na hakuna hata moja inayolia, mpaka akafumba macho, akasema, "Nisamehe," akafunga.

Feni zikarudi. Diski ikashuka hadi sitini na mbili. Kwa mbali simu ililia, ikapokelewa.

"Bado nusu," mama wa kufulia alisema. "Kamwambie mwenye haki. Ukiuacha uongo huo, jini atarudi."

Shemeji alikuwa karakanani kwake, anapiga randa mguu wa meza. Mtoto alicheza kwenye maranda. Bi Waya alieleza amri, umeme ambao haukukatika, jini. Hakujitetea. Shemeji aliweka randa chini taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Hiyo sauti. Ilikuwa yake?"

"Yeye hakuwa yeye, shemeji. Lakini sauti ilikuwa yake kabisa."

"Iko wapi?"

"Nimeifuta."

"Na nakala?"

"Sikutoa."

Alimgeukia mtoto. "Huyu hatajua mama yake alizungumzaje. Sina hata ujumbe mmoja." Alimwinua, akampangusa maranda magotini. "Basi umemkatia simu mara mbili."

Aliingia naye ndani, akasukuma komeo. Nyuma ya mlango mtoto aliita, "Mama," neno alilokuwa akimwita Bi Waya, mama yake mkubwa, tangu ajifunze kusema. Aliita tena, kwa sauti zaidi.

Bi Waya alisimama nje, kiganja kwenye ubao, wala hakuitika.