Hapana ya Mzee Micah

Mwandiko ulikuwa wangu!

Askari alishika karatasi kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa umekamata ukosi wa koti la Mzee Micah Kiplangat, katikati ya shamba la pareto, huko Dundori.

"Gavana anaongoza vizuri? Hapana," askari akasoma kwa sauti. "Legiko inakusaidia? Hapana. Ni wewe ulisema hivi?"

Mzee aligeuza shingo. Alinitazama mimi.

"Zeddy... uliniambia ni siri."

Wasomaji wangu, nilikosa pa kuweka uso.

Ulikuwa mwaka wa 1958. Nilikuwa nimetoka Makerere na shahada mpya kabisa, nikaajiriwa na ofisi moja ya utafiti mjini Nakuru. Kazi yangu? Kuuliza watu mia mbili kama wameridhika na Gavana na Legiko, yaani Baraza la Kutunga Sheria.

Januari, walioridhika walikuwa tisini. Juni, wakabaki thelathini na mmoja!

Nilifurahi, jamani. Niliamini wakubwa wakiona imani ya watu inavyoporomoka, watabadilika.

Fomu hazikuwa na majina. Lakini makarani wengine walikuwa wakikaa hotelini, wanakunywa chai na kujaza majibu ya kubuni. Mimi sikutaka kushukiwa. Basi pembeni mwa kila fomu niliandika namba ya kipande, yaani kitambulisho, cha mtu niliyemuuliza.

Ofisi ikawapa polisi fomu yake, na uaminifu wangu ndio uliomkamatisha mzee.

Mkewe, Truphosa, alinifuata hadi barabarani.

"Wewe mtoto! Umekula ugali wangu mara tatu!"

"Mama, nisamehe..."

"Msamaha nitaupika? Mzungu ametupa siku saba tutoke shambani kwake. Miaka ishirini na miwili! Ng'ombe nitawapeleka wapi, kwa Gavana?"

"Nitamtoa mzee."

"Kwa hicho Kiingereza chako?"

Niliteremka kwa miguu hadi Nakuru, machozi yakinitoka.

Bosi wangu, Bwana Pemberley, alikuwa amezitandaza fomu zilizobaki mezani.

"Bwana, hizo ni za uongo," nikasema. "Zote. Nilizijaza mwenyewe hotelini."

Akaweka kalamu chini.

"Zote?"

"Zote!"

"Wewe najua hii ni kosa? Haya. Tia sahihi."

Nilitia haraka, kabla woga haujanishinda. Akapiga simu polisi, mzee aachiliwe. Kisha akasimama... akanipa mkono!

"Asante sana, Zeddy. Kesho gazeti itaandika: karani nadanganya, watu napenda Gavana."

Ndipo nilipoelewa. Watu mia moja sitini na tisa walikuwa wamesema ukweli wao. Nimewafuta kwa sahihi moja!

Nikakimbilia kituo cha polisi. Angalau mzee yuko huru, nilijiambia. Angalau huyo mmoja.

Nilimkuta kwenye ngazi, anafunga kamba za viatu.

"Umewaambia nini?"

"Kwamba hukusema kitu. Kwamba nilitunga. Twende nyumbani, baba. Mama anangoja. Shamba limepona!"

Akafunga kiatu cha pili, polepole.

"Wakati wa kura waliniambia sina masomo ya kutosha kupiga. Katika maisha yangu yote, hakuna aliyewahi kuniuliza naonaje. Ukaja wewe na kalamu yako, ukaniuliza. Nikajibu. Sasa na wewe unasema sikujibu?"

"Mzee, watakufukuza!"

"Ile namba uliandika kwa kutojua. Nilishakusamehe nikiwa humo ndani. Lakini hii, kijana wangu... hii umefanya ukijua."

Akageuka, akarudi ndani. Nilisikia kiganja chake kikigonga kaunta.

"Andika! Micah Kiplangat. Gavana, hapana. Legiko, hapana. Nilisema, na nasema tena!"

"Mzee, wewe ni mwendawazimu?" askari akauliza. "Si umeshaachiliwa?"

Niliona shahada yangu, kazi yangu, kila kitu kikienda. Kisha nikaingia, nikasimama karibu naye.

"Na mimi niandike. Karani Zeddy. Sikutunga hata jibu moja."

Askari alicheka. Halafu akachukua funguo.

Siku ya saba, Mama Truphosa alihama shamba peke yake, na ng'ombe wanne. Sisi tulikuwa bado ndani.

Ndugu zangu, nilidhani kumpenda mtu ni kumfichia sauti yake ili asiumie. Muulize kwanza kama anataka kufichwa.

Mimi sikumuuliza.