Nilisema Nitasoma Mwenyewe

Jumapili, tarehe 13 Oktoba 1996. Asubuhi ile Mbamba Bay hapakuwa na upepo hata kidogo, na jua lilikuwa kali kabla misa ya kwanza haijaisha.

Saa tisa alasiri, mjane aliyeitwa Walburga alinipiga mdomoni kwa kafi. Meno mawili yakadondoka juu ya gitaa langu.

Ndugu msomaji, nisamehe nikiandika polepole. Nilijifunza kusoma nikiwa na miaka thelathini na mmoja, masomo ya jioni, na vidole vyangu siku hizi vina sugu za nyavu. Utajua kwa nini.

Nilikuwa mwanamuziki wa kujitegemea kutoka Mapera, kijiji cha Wamatengo huko mlimani. Sina bendi, sina bosi. Gitaa, spika moja, betri ya gari. Rafiki yangu Mansuetus, mvuvi wa Mbamba Bay, ndiye aliyepiga gitaa la pili.

Wiki sita kabla, boti ya tajiri mmoja ilizama na wavuvi wanne. Mmoja alikuwa kaka yake Mansu, mume wa Walburga. Mansu akatunga wimbo wa kumaliza msiba, akaniomba niuimbe.

"Nikufundishe kwa mdomo?" aliniuliza asubuhi ile.

"Lete karatasi. Siku hizi nasoma mwenyewe."

"Bernadi, maneno haya ni mazito."

"Kwani mimi mtoto?"

Tukafanya mazoezi ya magitaa tu. Nikasali rozari nzima, karatasi ikiwa mfukoni, sijaikunjua.

Watu kama sitini walikaa mchangani na juu ya mitumbwi iliyopinduliwa. Nikaikunjua karatasi mbele yao, kwa maringo, nikaimba mstari wa kwanza:

"Ndugu zetu walilewa hadi alfajiri..."

Gitaa la Mansu likanyamaza.

"Umesema nini?" Walburga akauliza.

Nikadhani hakusikia vizuri. Nikarudia, kwa sauti zaidi.

Ndipo kafi likaja.

"Mwenye boti amekutuma, eh? Na wewe uje utuambie walikuwa walevi?"

"Rudi mlimani, Mmatengo, ukaimbie mahindi kwenye mashimo ya ngoro zako!" mwanamume mmoja akapiga kelele.

Mawe. Mateke ya mbavu. Spika ikapasuliwa kwa shoka. Mtu akanishika shingo akaniingiza uso majini, akanitoa, akaniingiza tena... Mimi sijui kuogelea.

Katekista Sixtus aliponitoa mikononi mwao, nilikuwa na wazo moja tu. Mansu ameniuza. Ameandika tusi, akanipa mimi nilisome.

Nikamwona ameinama, ananyoosha mkono kuokota ile karatasi mchangani.

Anaficha ushahidi...

Niliokota kafi. Nikafanya ishara ya msalaba. Nikaupiga ule mkono mara tatu, na mara ya tatu nikasikia mifupa.

Zahanatini tulikaa benchi moja, damu yake na yangu sakafuni. Mansu hakunitukana. Aliniwekea karatasi magotini kwa mkono uliobaki mzima.

"Soma."

"Nimeshasoma, Mansu. Umenichinja."

"Soma kwa kidole. Silabi moja moja, kama mwalimu wako anavyokufundisha."

"Ndu-gu... ze-tu... wa-li..."

"Endelea."

"...e... le... a."

Walielea. Walielea hadi alfajiri wakiita, na hakuna boti iliyowafuata. Ndivyo alivyoandika, kwa mwandiko safi kabisa.

Uvumi wa ulevi aliueneza mwenye boti ili asilaumiwe. Mimi niliusikia sokoni Mbinga kabla sijasikia hata majina ya marehemu. Macho yangu yaliona "wali", uvumi ukamalizia neno.

Msomaji, ukijiona unalijua neno kabla hujafika mwisho wake, rudi mwanzo. Na usimtaje Mungu huku mkono wako umeshaamua kupiga. Mimi nilifanya yote mawili siku moja, ndani ya saa moja.

Mganga akamaliza kumfunga bandeji, akasema vidole vitatu havitakunjika tena.

"Basi gitaa limekwisha," Mansu akasema. Akamtazama Walburga, aliyekuwa ametufuata hadi mlangoni. "Lakini shemeji, nyavu atavuta nani? Wanao na wangu watakula nini?"

 Walburga alikuwa ananitazama mimi.

Nikapiga magoti. Mbele yake, na katekista, na foleni nzima ya wagonjwa, nikasema kwa sauti, damu ikinitoka mdomoni:

"Mimi Bernadi Ndunguru wa Mapera, ninayeogopa maji, kuanzia kesho nitavuta nyavu za Mansuetus. Vidole vyake visipopona, nitavuta mpaka nife."