Uso wa Deus

Rafiki yangu Ipyana si mtu wa kutia chumvi. Anatengeneza stika pale Tunduma, katika chumba cha ndani kisicho na dirisha. Mchana mmoja, mama aitwaye Ferista alimletea flashi yenye sura ya mwanawe Deus, iliyochorwa kutoka picha ya harusi. Alitaka stika ya kubandika msalabani, na gari lililobeba jeneza kwenda Hasamba lilikuwa linasubiri nje.

Lakini mchoro ule ulitengenezwa kwa programu nyingine. Kwenye kompyuta ya Ipyana yalifunguka mabega na tai tu. Penye uso palikuwa peupe. Alilihifadhi faili upya kwa kila namna aliyoijua. Peupe vilevile. Mchoraji naye hakupokea simu.

"Jaribu tena, baba," Ferista alisihi. "Nimzike hana uso?"

"Najaribu, mama. Linagoma."

Umeme ukakatika. Gizani wakasikia mashine ya kukatia stika ikianza kazi, kwaru, kwaru, kisu kikienda na kurudi taratibu. Ipyana aliupapasa waya wake, akauchomoa ukutani. Kisu hakikusimama.

Kilipokuja kunyamaza, Ferista aliwasha tochi ya simu. Stika ilikuwa tayari, na uso mzima. Ila macho hayakuwa yale ya harusini. Yalikuwa yamefumbwa, na kila tundu la pua lilikuwa na kitonge cha pamba.

Ferista aliigusa pamba ile kwa kidole.

"Hii nimemwekea mimi," akasema, "leo asubuhi."