Nyundo ya Mgonga Magome

Shemeji yangu Latif ni mtu wa kujua kila kitu. Hata jina lako mwenyewe anaweza kukusahihisha. Dada yangu Husnah alimpendea nini, mpaka leo sijui.

Jumamosi moja, asubuhi yenye jua zuri, Latif na mwenzake wa kazi, Obonyo, walikwenda Kasubi kumkatia mjane mmoja mutuba. Mutuba ndio ule mti ambao Waganda huuchuna gome, wakaligonga mpaka likawa nguo, ile wanayovika maiti zao. Huu ulikuwa umeinamia chumba cha mjane mwenyewe, Mama Namalwa. Bila kabari za kuusukuma upande wa pili, ungemwangukia paa na kila kitu. Mimi nilifika na chai tu, Husnah alinituma.

"Kabari zenyewe ni za plastiki, bosi," Obonyo alimwambia. "Kisogo cha shoka kinatosha kuzigonga."

"Shoka ni la wapasua kuni," Latif akajibu, kwa ile sauti yake ya ufundi asiokuwa nao. Alikuwa ameona nyundo ya mti mgumu ukutani kwa mjane, kichwa kimechongwa mistari mistari. Akaitungua bila hata hodi, mkosa adabu yule.

Mama Namalwa akatoka, akamshika mkono. "Ssebo, hiyo ya marehemu bwana wangu. Inagonga gome likishavuliwa. Mti ukiwa umesimama, usiuguse na hiyo. Utadhani mmekuja kuuchuna."

"Mti udhani?" Latif akatucheka sote. Sikio la kufa halisikii dawa.

Obonyo akakata kwa msumeno wa mashine, akachomeka kabari kwenye mkato. Latif akapiga. Kabari haikusogea. Akapiga tena. Gome likafunguka chini kwenye mizizi, peke yake, likaanza kupanda taratibu, kama mtu anavyovuliwa kanzu.

Obonyo akazima mashine. "Achilia, bosi," alinong'ona.

"Siwezi."

Mkono ulikuwa unapiga wenyewe. Latif analia, mkono unapiga. Tukamvuta. Unapiga. Tukaanguka naye chini, nyundo ikamtoka. Mti ulisimama vilevile, mweupe, uchi.

Shati lake halikuchanika hata uzi. Lakini mkono ulimwaka moto, tukampeleka kliniki; walipokata mkono wa shati, ngozi ilitoka nao, kipande kimoja, kuanzia begani hadi kwenye kiganja. Mimi niliyemdharau miaka yote nikamshika mkono wa pili.

Wakamfunga bandeji, tukamrudisha kwake Kibuli. Nililala kwenye mkeka, mgongo wangu ukiegemea mlango, komeo limefungwa.

Asubuhi bandeji ilikuwa imekunjwa vizuri chini ya mto. Mkono ulikuwa umezungushiwa majani mabichi ya mgomba, yamekazwa kwa kamba za mgomba, bado yanadondosha maji. Komeo lilikuwa mahali pake. Husnah aliapa hakuamka.

Nilimpigia simu Mama Namalwa.

"Msiyatoe," alisema polepole. "Mti ukishachunwa unafungwa hivyo, gome liote tena."

"Na likiota?"

"Mutuba, nyabo, unachunwa kila mwaka."

Juzi nilimwona Latif. Hajui kitu tena, anauliza tu. Alinionyesha mkono. Ngozi imeota nzuri kabisa.