Asali Haina Jina

Masolwa alianza kuongea na sufuria.

"Leo tunakula nini, wewe?" aliiuliza kila asubuhi. Sufuria haikujibu. Alikoroga uji wake, akanywa, akaosha kikombe kimoja.

Mkewe, Tekla, alikuwa Nzega akimuuguza mama yake. Ulipita mwezi wa kwanza, ukapita wa pili. Kijiji chao kilikuwa kipya, kijiji cha Ujamaa. Nyumba zilipangwa mstari, mlango kwa mlango. Masolwa aliwasikia majirani wakicheka jioni, lakini hakwenda kwa mtu.

"Watasema nimefuata ugali," alijiambia.

Kazi yake ilikuwa kurina asali. Warina asali wa kijiji walikuwa wanane. Kila mmoja alirina mizinga yake porini, kisha asali yote ilimiminwa kwenye pipa moja. Walikuwa na msemo wao: "Ikiingia pipani, asali haina jina." Yaani ni ya wote.

Miaka yote Masolwa alikwenda porini na Tekla. Yeye alikuwa juu ya mti, Tekla chini. Ndoo iliposhuka kwa kamba, Tekla alichagua masega. Mazuri huku, mabaya kule. Msimu huu Masolwa alikwenda peke yake. Moshi ulimwingia machoni. Nyuki walimchoma shingoni. Akakata masega yote, akakamua yote, akamimina pipani. Hakuchagua hata moja. Alitaka kumaliza tu, arudi nyumbani. Nyumbani kwenyewe hapakuwa na mtu.

Baada ya wiki tatu pipa likatoa povu.

Zamda, mtunza ghala, alinusa. "Jamani, hii siyo asali. Hii ni wanzuki! Tumepata pombe, na ngoma hatujaalika!"

Watu wakacheka. Kisha wakakumbuka. Lori la kuchukua asali lilikuwa linakuja Jumatatu.

Macho yote yakamgeukia Yahaya. Yahaya alikuwa fundi cherehani kutoka Cheyo, Tabora mjini. Alihamia kijijini na mkewe na watoto wawili. Kurina ndiyo kwanza alikuwa anajifunza.

"Nani mwingine?" mtu alisema. "Huyu anajua vifungo, nyuki atawajulia wapi?"

"Arudishe kamba na ndoo. Atoke kundini!"

"Wallahi, nilichagua sega moja moja," Yahaya alisema. "Tena nilikuja kwako, Mzee Masolwa. Nikakuamkia, nikakuomba twende wote. Ukaniambia pori halitaki maneno mengi."

Masolwa akainama, akachungulia pipani.

Siku hiyo bwana nyuki, mtaalamu wa serikali, alifika kwa baiskeli kutoka Kaliua. Aliitwa Mfaume. Alionja asali kwa ncha ya kidole, akatikisa kichwa. Kisha akaomba masega mawili, akayainua watu wayaone.

"Hili limeiva. Nyuki wamelifunika kwa nta. Hili lingine liko wazi. Asali yake bado ina maji. Angalieni." Akalitikisa. Matone yakaruka, yakamwangukia Zamda kwenye kanga. "Ukiikamua hii pamoja na iliyoiva, yote inachacha. Sega lililo wazi liache mzingani. Lenye watoto wa nyuki, vilevile liache."

"Sasa ni asali ya nani iliyotuharibia?" Zamda aliuliza, akijifuta.

"Imeshachanganyika, dada. Mimi siwezi kujua. Anajua aliyerina."

Masolwa aliangalia miguu yake. Hakuna aliyemshuku. Asali haina jina. Angenyamaza, Yahaya angetoka kundini na maneno yangekwisha. Angeshinda nyumbani, watu wakipita bila kumsalimu. Masolwa alijua siku ya namna hiyo ina urefu gani.

"Ni yangu," alisema. "Nilikata yote. Sikuchagua."

"Mzee wewe!" Zamda alishika kiuno. "Na mwenzio tunamsema mbele yako?"

"Niliona haya, binti yangu."

"Na kwa nini hukuomba mtu wa kwenda naye?"

"Mngesema nimezeeka."

"Loo! Na sisi tulidhani unaringa!"

Jumatatu lori liliondoka tupu. Masolwa aliliosha pipa kwa maji ya moto, akalianika juani likauke kabisa. Hakuna aliyemsaidia.

Warina wakakubaliana mambo mawili. Hakuna kwenda porini peke yako. Na kila mtu ataleta asali yake kwenye debe lenye alama yake. Zamda ataikagua kwanza, ndipo imiminwe pipani.

Wakaanza kuchagua wenzao. Masolwa akabaki.

"Nitakwenda naye mimi," Yahaya alisema. "Sijakusamehe, mzee. Lakini miti mirefu siiwezi."

Msimu ulipofika, Tekla bado alikuwa Nzega. Masolwa alipanda. Yahaya alibaki chini na ndoo mbili.

"Mzee! Hili liko wazi! Umelikatia nini?"

"Moshi, bwana!"

"Moshi umeshika kisu? Subiri, usikate tena!"

Masolwa alisubiri juu ya tawi, akitabasamu.

Mwaka ule pipa halikutoa povu. Lori lilichukua asali yote.

Mwaka uliofuata Yahaya alikuwa anapanda mti wowote. Zamda akamuuliza, "Sasa umekuwa mrina kamili. Utakwenda na nani?"

"Na mzee," Yahaya alisema. "Ukimwacha peke yake anakata ovyo."

Masolwa alisikia. Akainama, akajifanya anafunga kamba.