Maji ya Chuo, Bomba la Mtaa

Pasi alikuwa dobi, tena dobi hasa. Jina alilopewa na mama yake lilishasahaulika mtaani. Watu walimwita Pasi kwa sababu shati likitoka mikononi mwake lilisimama lenyewe, utadhani lina mtu ndani.

Nyumba yake ilikuwa chini ya kilima, na juu ya kilima kulikuwa na chuo kikuu. Zamani kilikuwa chuo kidogo cha walimu, madarasa machache na bweni moja lenye bati jekundu. Sasa majengo yalikuwa yakiota kama uyoga. Kila bweni jipya lilipofunguliwa, Pasi alisugua viganja vyake kwa furaha.

"Vitanda vipya, mashuka mapya!" alimwambia mkewe.

"Mapya leo, machafu kesho," mkewe alimjibu.

"Mungu azidi kuyachafua!"

Nao wakacheka.

Nyumba ya pili alikaa dada yake mdogo. Wote walimwita Kidoti, kwa kidoti cheusi kilichokaa juu ya mdomo wake. Kidoti alikuwa amejifungua karibuni. Mtoto alikuwa mchanga kabisa, hata kitovu hakijakauka. Mumewe alikuwa mlinzi wa lango la chuo. Huyo shemeji alikipenda chuo kama amekijenga kwa mikono yake.

"Mwakani tunaongeza mabweni mengine," alipenda kusema, huku akiifuta kofia yake vumbi.

"Tunaongeza wewe na nani, shemeji?" Pasi alimtania. "Hata ufunguo wa maktaba hawakupi."

Asubuhi moja Pasi aliingia chumba cha kufulia. Mashuka meupe ya wageni wa chuo yalikuwa ndani ya beseni pana, sakafuni. Katikati ya sakafu kulikuwa na tundu. Maji ya povu yalishukia humo kwenda kwenye bomba la mtaa. Pasi alikunja mikono ya shati, akainama.

Tundu likaguna. Likaguna tena, kama tumbo la mtu mwenye njaa. Kisha maji meusi yakapanda. Hayakushuka, yalipanda! Yalijaa sakafu, yakauzunguka mguu wake, yakaingia ndani ya beseni. Mashuka meupe yakawa na rangi ambayo Pasi hakutaka kuitaja.

Pasi alisimama mdomo wazi.

"Umemwaga nini humo?" mkewe aliuliza kutoka jikoni. "Mbona harufu?"

"Sijamwaga kitu! Yanatoka yenyewe!"

"Maji hayapandi, baba watoto."

"Basi njoo uyaambie!"

Mkewe akaja. Akaona. Akaziba pua kwa upande wa kanga. Juu ya maji yale kulikuwa kunaelea maganda ya mayai, mengi, na nyumba ile haikuwa imepika yai kwa muda mrefu.

"Haya si yetu," mkewe alinong'ona.

"Si yetu," Pasi akasema. Damu ilimpanda kichwani. "Na hayatarudi tena hapa."

Yalipopungua, alikimbia dukani, akarudi na saruji. Akaikoroga na mchanga ndani ya karai. Akalijaza tundu lile mpaka juu, akalisawazisha kwa mwiko, akalipiga kofi dogo.

"Nimelifunga mdomo!"

"Na maji yako ya kufulia yatapita wapi?"

"Nitamwaga nje."

"Na yale ya chini? Yatakwenda wapi?"

"Popote," alisema Pasi. "Mradi si kwangu."

Siku ile alilala kama mtu aliyeshinda vita. Asubuhi iliyofuata aliamshwa na yowe. Lilikuwa yowe la Kidoti.

Pasi alitoka mbio bila viatu, mkewe nyuma yake. Aliufungua mlango wa dada yake. Maji meusi yalikuwa yametoka bafuni, yamepita chini ya mlango, yamejaa chumba cha kulala. Ndala zilielea. Nepi za mtoto zilielea. Kidoti alikuwa amesimama juu ya kitanda, amemkumbatia mwanawe kifuani, macho yamemtoka.

"Kaka! Kaka, njoo uone! Nimeamka nikakuta hivi! Mtoto angekuwa amelala chini je?"

Mumewe alikuwa anahangaika na ndoo, suruali ameikunja hadi magotini. "Kwetu halijawahi kutokea! Jana palikuwa pakavu! Kumefanyika nini?"

Pasi alikuwa akitazama maganda ya mayai yakizunguka polepole mbele ya kitanda cha dada yake. Alihisi mkewe anamtazama kisogoni.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe nini?"

"Yalianzia kwangu. Nikaziba tundu kwa saruji."



"Ukaziba," Kidoti alisema taratibu, kama mtu anayejifunza neno jipya. "Hukufikiri yataenda wapi?"

"Sikufikiri."

"Nilimuuliza," alisema mkewe Pasi.

Pasi alisogea, akanyoosha mikono. "Nipe mtoto, nimpeleke kwangu pakavu."

Kidoti akageuza bega. "Mikono hiyo? Mikono hiyo isimguse mwanangu! Wifi, mchukue wewe."

Wifi yake akampokea mtoto, akapita karibu na Pasi bila kumtazama. Neno lile lilimwingia Pasi kama sindano ya moto. Yeye ndiye aliyekuwa mjomba pekee wa mtoto yule.

Shemeji alitupa ndoo chini. "Basi! Saruji imebaki? Nami naziba!"

Akaenda kuleta karai. Alipokuwa anarudi nalo, sauti nene ilimsimamisha mlangoni.

"Weka hilo chini!"

Alikuwa Bibi Afya, ofisa wa afya wa halmashauri ya mji. Jirani mmoja alikuwa amempigia simu. Alivaa buti za mpira, na mkononi alikuwa na fimbo ya chuma yenye ndoano.

"Ukiziba hapa, maji yatafuata nyumba ya jirani. Jirani naye akiziba, yatafuata ya mbele. Nyumba ya mwisho mtaa huu ni nini?"

"Ni chekechea," shemeji alijibu.

"Haya. Watoto wale nao wakoroge saruji?"

Shemeji aliliweka karai chini, polepole.

Bibi Afya hakuanza kwa maneno mengi. Alianza na mtoto. "Mama na mtoto wakae nyumba kavu mpaka hapa pasafishwe. Kila aliyekanyaga maji haya anawe kwa sabuni, mikono na miguu, kabla hajashika chakula wala mtoto. Maji ya kunywa yachemsheni. Maji haya yana vijidudu vya kuharisha na kipindupindu. Sakafu ioshwe kwa dawa ya klorini, nitawapa."

Walipomaliza kunawa, aliwapeleka nje mpaka kwenye chemba, lile shimo lenye kifuniko cha chuma ambamo bomba la mtaa hukaguliwa. Akafunua. Maji yalikuwa yamejaa hadi shingoni.

"Bomba hili lililazwa wakati chuo kina bweni moja," alisema. "Hesabuni wenyewe majengo yaliyoko kilimani leo. Kila bafu, kila choo, kila jiko la huko juu linamwaga humu humu. Chuo kimekua. Bomba halikukua."

"Lakini chuo kinalipa bili ya maji!" shemeji alisema. Alikuwa kama mtu anayemtetea ndugu yake.

"Kinalipia maji yanayoingia. Kuyatoa ni bomba la mji, na mfuko wa bomba unatokana na kodi ya majengo. Chuo chetu ni cha umma, kimesamehewa kodi hiyo. Nyumba yako haikusamehewa. Kwa hiyo majengo yanaongezeka juu, na mfuko wa bomba uko palepale."

Pasi alishika kichwa. "Ngoja, Bibi Afya. Yaani mimi, dobi, ndiye ninayelipia choo cha profesa?"

"Wewe na majirani zako."

"Na hatukuulizwa?"

"Hamkuulizwa, nanyi hamkuuliza." Bibi Afya alizamisha fimbo yake. "Lakini usikitukane chuo. Mashuka unayofua yanatoka wapi? Mshahara wa shemeji yako unatoka wapi? Chuo kimeleta riziki na kimeleta mzigo. Riziki mnagawana. Mzigo nao mgawane."

Fimbo ilinasa kitu. Akakivuta. Vilitoka vitambaa, vifungo, nyuzi zilizosokotana, na mwisho soksi moja ndefu ya kijani.

Pasi aliitambua mara moja. Ilikuwa ya mwalimu wa hesabu wa chuo. Kwa sababu ya soksi hiyo kupotea waligombana mpaka mwalimu akahamia kwa dobi mwingine, na Pasi aliapa mbele ya mtaa mzima kuwa hajaiona.

"Kumbe yule mzee hakuwa mwongo!" mkewe alisema, akaangua kicheko. Hata Kidoti, kwa mbali, midomo ilimcheza.

"Tundu lako halikuwa na wavu," Bibi Afya alimwambia Pasi. "Chuo kimejaza bomba, nawe umesaidia kuliziba."

Pasi alikubali kwa kichwa.

"Tufanye nini?" aliuliza.

"Keshokutwa kuna mkutano wa hadhara kwenye ukumbi wa mji. Chuo kinaomba kibali cha kujenga mabweni mengine. Wakazi wana haki ya kusikilizwa kabla kibali hakijatolewa. Tangazo liko mlangoni pa ofisi ya mtaa."

"Mabweni mengine!" Pasi alikaa chini palepale, ukingoni mwa barabara. "Juu ya bomba hili hili?"

"Mlango ule napita kila siku," shemeji alisema. "Tangazo sikuliona."

"Uliliona. Hukulisoma," Bibi Afya alimjibu.

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa. Mbele, ofisa majengo wa chuo alitundika picha kubwa ya mabweni mapya. Yalikuwa na bustani, viti vya kupumzikia, na wanafunzi wakitabasamu. Alieleza vizuri, watu wakapiga makofi. Kisha mwenyekiti wa halmashauri akauliza kama kuna mwenye neno.

Pasi alisimama.

"Picha nzuri, mheshimiwa. Bomba la maji machafu liko wapi humo?"

Ofisa alitabasamu. "Bomba liko chini ya ardhi, ndugu."

"Hapana. Liko chini ya kitanda cha dada yangu."

Watu walicheka. Kidoti akasimama, mwanawe begani, na kicheko kikakatika. Alisimulia asubuhi ile, neno kwa neno. Alitaja nepi. Alitaja maganda ya mayai. Mtu mmoja nyuma alisema, "Hata kwetu!" Mwingine akadakia, "Na kwetu!" Mwalimu wa chekechea akasimama kusema kuwa vyoo vya watoto vimekuwa vikiguna wiki nzima. Ukumbi uliingia baridi.

Ofisa majengo alikuwa ameshika kalamu, haandiki. "Sikujua," alisema. "Kwetu juu maji yanashuka tu. Hakuna aliyetuambia yanapofika." Akafuta uso. "Lakini nami niseme ukweli. Fedha tulizopewa ni za mabweni. Si za mitaa ya mji."

"Na mji hauwezi kubeba bomba jipya peke yake," alisema mwenyekiti.

"Mnaniruhusu niulize kwa lugha ya dobi?" Pasi alisema. "Akija mtu na shati moja, na mwingine na mashuka ya bweni zima, nikawatoza sawa, mtaniitaje?"

"Mwizi!" ukumbi ulijibu.

"Na nikimfulia bure mwenye mashuka, halafu nikamdai mwenye shati?"

"Mwendawazimu!"

"Basi na tupime maji. Kila mmoja alipie mzigo wake. Sisi hatukatai shati letu."

Shemeji naye alisimama, amevaa sare ya chuo, jasho linamtoka. "Mimi ni mlinzi wa lango lenu, mheshimiwa. Nakipenda chuo. Ila nikimlinda profesa usiku, nani analinda mtoto wangu na maji yake?"

Alikaa upesi, kama aliyeogopa maneno yake mwenyewe.

Jambo lile halikwisha siku hiyo. Kibali kilisimamishwa. Chuo kilikwenda kuomba ruhusa kwa wakubwa wake, kikarudi, kikabishana, kikaenda tena. Maji yakapimwa langoni pa chuo na mwisho wa mtaa. Mwishowe wakaandikiana mkataba. Gharama ya bomba jipya ikaingizwa ndani ya gharama ya mabweni, kwa kadiri ya maji ambayo chuo kinamwaga. Sehemu iliyobaki ikalipwa na mji. Wakazi wakaahidi kuweka wavu kwenye matundu yao na kutotupa vitambaa. Tena ikaundwa kamati ya chuo na mtaa, ikutane kabla ya tofali la kwanza la jengo lolote jipya. Kidoti akachaguliwa humo. Alikwenda vikaoni na mtoto mgongoni.

Muda wote huo alimsalimia kaka yake kwa heshima. Mtoto hakumpa.

Bomba jipya, nene kama pipa, lililazwa wakati wa kiangazi. Siku lilipofunguliwa, Pasi alichukua patasi na nyundo. Akapiga magoti katika chumba cha kufulia, akaivunja saruji yake mwenyewe, kipande kwa kipande. Ilikuwa ngumu, maana aliikoroga kwa hasira. Tundu lilipofunguka akaweka wavu, akamwaga ndoo ya maji.

Maji yalizunguka, yakashuka. Pasi, mkewe, na Bibi Afya aliyekuja kukagua, walitega sikio.

"Kwangu pakavu!" Kidoti alipaza sauti kutoka nyumba ya pili.

"Na chekechea?" Bibi Afya aliuliza kwenye simu. Akasikiliza. "Pakavu!"

Mara Kidoti akatokea mlangoni. Mtoto alikuwa amekua, ana meno mawili, anarusha miguu. Kidoti akamwinua mbele yake.

"Haya, mjomba mtu. Mpokee."

Pasi hakuamini masikio yake. Aliacha nyundo ikaanguka, akanyoosha mikono yote miwili, machozi yamemlenga.

Kidoti akamrudisha mtoto kifuani.

"Kwanza kanawe," alisema. "Kwa sabuni."

Pasi akaenda mbio.